Upepo Hauna Barua ya Ajira

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Chumba cha Ghorofani,
Mtaa wa Nyuma ya Stoo ya Mbao.

Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na lile dirisha lako unalolisifu, miwani mipya puani na chai pembeni. Nyonga inaendeleaje? Bado inakuuma ukipanda ngazi? Na umeacha kubeba vikapu vya nguo pale kwa dobi, au bado unajifanya msichana? Hilo la mwisho ni la Baba. Amesema niliandike kwa maneno yake mwenyewe na nisilipambe.

Sisi huku tu wazima. Mama kikohozi kimemwacha. Baba magoti yake ni yale yale, leo afadhali, kesho malalamiko. Mimi nilikonda kidogo, lakini usishtuke, nguo zimeanza kunikaa tena.

Najua umesubiri. Kadi yako ya mwezi uliopita ilikuwa na maswali matatu tu: mko hai, maji yalifika wapi, na je, kazini mlilipwa siku zile? Nimeikariri. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ningelia, na dakika zako ni ghali. Halafu swali la tatu lilikuwa bado halina jibu. Jibu lake lilikuwa ndani ya daftari la mahudhurio, na daftari halikuwa tena mezani kwangu.

Sasa limepatikana. Nitakueleza polepole. Umezoea kunicheka kwamba nakanyaga kila neno mara mbili kabla sijaliwekea uzito, basi vumilia, Kinyonga wako hajabadilika.

Kwanza nyumbani, ili moyo wako utulie. Maji yalifika ngazi ya nne yakasimama. Baba aliyapima kwa penseli ukutani, alama kila saa, na pembeni ya kila alama akaandika muda. Wapangaji wa chini walihamia kwetu siku tatu, tukawa watu tisa kwenye vyumba viwili. Mchana mwanga wa maji ulipanda ukacheza darini. Ukilala chali ungedhani nyumba nzima imefunikwa bakuli la kioo, na kuna mtu huko nje anaitikisa taratibu ili tusinzie. Mama anasema hajawahi kumwona Baba akinyamaza muda mrefu hivyo tangu wafunge ndoa. Alama za penseli bado zipo. Amekataza mtu kuzifuta.

Sasa kazini. Nilipokuandikia kwamba nimepata ukarani sidhani nilikueleza pale palivyo. Ni kiwanda cha madaftari. Karatasi huja ikiwa imeviringishwa, mviringo mmoja mzito kuliko ng'ombe. Mashine moja huipiga mistari, nyingine huikata, kisha akina mama wa meza ndefu huipiga pini, huitia gundi mgongoni na kuivika jalada. Harufu ya gundi na karatasi mpya hunifuata hadi nyumbani. Mama anasema nanukia kama siku ya kwanza ya shule.

Kiwanda kiko bondeni. Ukitoka barabarani unashuka mteremko mrefu, unavuka daraja dogo la zege juu ya mfereji, ndipo unafika getini. Hapo getini pana mlingoti, na kwenye mlingoti kuna ubao mpana unaozunguka, upande mmoja bluu, upande wa pili mwekundu. Bluu ni kazi. Nyekundu ni kwamba kumefungwa. Uliwekwa zamani, enzi za umeme wa kukatika kila wiki, ili watu wasishuke mteremko wote kisha waupande bure. Basi wafanyakazi wamezoea kusimama kule juu, penye kibanda cha fundi viatu, na kutupa jicho bondeni. Wakiona bluu wanashuka. Wakiona nyekundu wanageuza, hata hawaulizi. Ubao hauna mjadala.

Mtunza ubao ni karani. Nafikiri ni kwa sababu karani hufika kabla ya wote kufungua daftari la mahudhurio. Nilipoajiriwa meneja alinipa funguo mbili, kalamu mbili na kitabu cha kanuni, akaniambia nikisome chote. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kumtii.

Ukurasa wa kumi na saba nauweza kwa moyo. Kiwanda kikifungwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, kila mfanyakazi atalipwa siku hizo kama aliyekuwepo. Kiwanda kikiwa wazi na mfanyakazi asifike, siku hiyo ni hasara yake. Kiwanda huhesabiwa kimefungwa tangu mtunza ubao anapougeuza mwekundu hadi atakapourudisha. Na chini kabisa: mtunza ubao hupokea amri kwa meneja. Uliwahi kuniandikia kwamba huko kwenu, barafu ikifunga barabara, msimamizi wenu hupiga simu kwa mmoja mmoja kusema msije na mshahara uko pale pale. Sisi tuna ubao.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Tangu jana yake redio ilikuwa inatangaza upepo mkali na mvua kubwa, ikiwaomba wasio na safari ya lazima wabaki majumbani. Nilikaa na neno hilo, lazima, kama mtu aliyepewa hesabu ngumu. Nilikuwa bado kwenye majaribio, umebaki mwezi mmoja nithibitishwe kazini. Kwa mtu wa majaribio, Shangazi, safari ipi si ya lazima? Nilivaa koti la Baba nikatoka.

Mtaa ulikuwa mtupu na wa kijivu, kama picha ya zamani iliyosahauliwa dirishani. Mabati yalikuwa yananong'ona. Maji yalitembea barabarani pamoja nami, mwendo mmoja, yakiwa yamebeba kandambili ya kijani, mguu mmoja tu. Ilinisindikiza hadi kona, kisha ikaenda zake. Nilikuwa na hakika kwamba naota, na kwamba nikifika kazini nitaamka.

Getini nilimkuta mlinzi. Jina lake tulishalisahau, tunamwita Redio, kwa sababu akishika zamu habari zinaanza na hazikatiki hata kwa matangazo.

"Karani umekuja!" alisema. "Mimi nilijua leo atakuja bata peke yake."

"Meneja amepiga?"

"Simu zimekufa tangu alfajiri. Hata mke wangu hajanigombeza leo, ujue hali ni mbaya."

Nilimpigia meneja mara kumi na moja. Yeye anakaa ng'ambo ya mto. Simu haikuita hata mara moja. Ilikuwa kimya, kile kimya cha ndani ya mtungi. Saa ilikuwa kumi na mbili na nusu, na kazi inaanza saa moja.

Redio alikuwa anaingia kibandani kuchemsha chai alipoliona lile jambo ambalo baadaye alilisimulia mji mzima. Upepo ulikuja kutoka upande wa mfereji, ukaushika ubao, ukauzungusha kama mtoto anayechezea sahani, ukauacha umetazama mteremko kwa upande mwekundu. Akacheka, akaifuata chai yake.

Mimi nilitoka kuurudisha. Nakuapia hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Sikuwa na amri, na bila amri ubao si wangu. Nikaugeuza bluu. Upepo ukaugeuza mwekundu. Nikaugeuza bluu. Ukaugeuza tena. Tulikuwa kama watu wawili wanaogombania shuka kitandani, na mwenzangu hakuchoka.

Mara ya nne niliushika kwa mikono yote miwili ukiwa mwekundu, nikaegemeza paji la uso juu yake ili nipumue. Nilipochungulia pembeni nikawaona kule juu, penye kibanda cha fundi viatu. Miavuli kama kumi na tano, mingine imepinduka, na vichwa vilivyofunikwa mifuko ya plastiki. Walisimama wakiutazama ubao. Mimi hawakuniona. Ubao ni mpana, mimi ni mwembamba, na mvua ilikuwa pazia. Nikalitazama daraja. Maji ya mfereji, ambayo siku zote hukaa chini kabisa, yalikuwa yanalilamba zege.

Mfukoni nilikuwa na kipande cha kamba ya kufungia mabunda. Pale wote tunatembea nayo, kama mafundi cherehani wanavyotembea na pini. Vidole vyangu vilianza kabla kichwa hakijatoa ruhusa. Pitisha chini, zungusha mara mbili, ingiza ndani ya kitanzi, kisha vuta kuelekea kifuani. Unakumbuka? Nilikuwa na miaka saba, tunafunga masanduku yako ya safari, na ulinifundisha fundo hilo ili niache kulia. Ulisema likivutwa na mtu mwingine linazidi kukaza, na humfungukia yule tu anayejua pa kusukuma.

Nikaufunga ubao mwekundu. Kule juu miavuli ikageuka mmoja mmoja, taratibu, kama maua yanayofuata jua ambalo halipo. Mteremko ukabaki mtupu.

Nilirudi ndani. Redio akanipa chai. Sikumwambia. Shangazi, sikumwambia mtu.

Kabla ya saa mbili daraja lilikatika katikati bila kelele, kama biskuti kwenye chai. Sisi tulipanda ofisini, ghorofani, ambako kuna dirisha linalotazama chini kwenye ukumbi wa mashine. Maji yaliingia kwa adabu. Yalipita chini ya mlango, yakaenea sakafuni kama mtu anayetandika shuka, kisha yakaanza kupanda. Madaftari ambayo hayajafungwa yakaelea, yakafunguka, yakaogelea ukumbi mzima, mamia kwa mamia, kurasa nyeupe zikipumua. Wino wa mistari ukayeyuka. Maji yote yakawa ya bluu hafifu, na juu yake saa ya ukutani ikaendelea kugonga kana kwamba kuna watu wa kuwahesabia. Nilisahau kuogopa. Ninapaota hapo hadi leo, na ndotoni huwa naweza kuyasoma yaliyoandikwa kwenye kurasa zile, ila nikiamka yameondoka.

Redio alisogea dirishani. Kisha akasema, "Karani, unaiona meza ndefu?"

Sikuiona. Maji yalikuwa yameshaifunika.

"Akina mama wangekuwa wameizunguka saa hizi." Akanywa chai. "Upepo una akili kuliko bosi."

Adhuhuri tulitokea mlango wa nyuma, ule wa kupakilia mizigo, tukapanda kilima kwa mikono na miguu. Nilifika nyumbani Baba akiwa kwenye alama ya saba.

Meneja alifika Ijumaa, siku ya tano, mto ulipomruhusu, akavuka mfereji juu ya mbao zilizolazwa mahali pa daraja. Si mtu mbaya. Ana leso moja ambayo hufutia miwani, jasho na mashaka. Alisimama getini, akatazama tope, akatazama mlingoti, akataka kuurudisha ubao bluu kabla ya jambo lolote, nadhani kwa ajili ya moyo wake mwenyewe. Ubao haukugeuka. Akavuta. Ukakaza. Akaiona kamba.

"Nani amegeuza ubao?"

"Upepo, bosi," Redio akadakia. "Nimeuona kwa macho yangu haya mawili. Ulikuja hivi, ukauzungusha hivi..."

"Na hii kamba?"

Redio alisogea, akalichungulia fundo, akalivuta, likamshinda. "Ehe," akasema. "Upepo wa mwaka huu una mikono."

Meneja akanigeukia. Nilikuwa hatua tatu kutoka alipo, daftari kifuani. Alinitazama muda wa kutosha kusoma ukurasa mzima, na naamini aliusoma. Kisha akaomba kisu, akaikata kamba huku na huku, akalitia fundo mfukoni.

"Ni upepo," akasema.

Aliniita ofisini akafunga mlango. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Mwenye kiwanda, ambaye sisi tunamfahamu kwa sahihi yake tu, amepoteza karatasi na mashine mbili, na hataki kusikia habari ya kulipa siku nne ambazo hakuna aliyetia gundi hata daftari moja. Kama karani aliugeuza ubao bila amri, karani atakuwa hana kazi. Kama hakuna aliyeugeuza, kiwanda kilikuwa wazi na watu hawakufika.

"Upepo hauna barua ya ajira," alisema. "Hauwezi kufunga kiwanda. Wala hauwezi kufukuzwa. Umenielewa, binti?"

Nilimwelewa. Alikuwa amenishikia mlango ili nipite.

"Andika hawakufika. Jumatatu hadi Alhamisi. Nipe daftari wiki ijayo."

Watu thelathini na wanane, siku nne. Neno moja mara mia moja hamsini na mbili. Nilimshukuru, Shangazi. Niliinama kabisa nikamshukuru. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa mwepesi kama karatasi, na niliona aibu sana kwa wepesi ule.

Nilianza Jumamosi, wenzangu wakiwa wamekuja kuzoa tope. Nilianza na Mama Gundi, kwa sababu jina lake liko juu. Ndiye mdomo wa meza ndefu. Nilikuwa nimemwandikia Hakufika mara nne, nikasikia viwiko vyake vikitua mezani kwangu.

"Karani, unaandika nini kwa sura hiyo? Unaandika wosia?"

"Mahudhurio."

"Ya mafuriko? Hebu nione jina langu limelala wapi."

Nikaufunika mstari kwa kiganja. Akacheka, akadhani ni utani.

"Siku ile, nakwambia, nilishavua viatu nishuke. Viatu mkononi, mtoto nimemwacha kwa jirani, najisemea leo nikifa na gundi yao ife. Kuangalia hivi, nyekundu! Nikasema asante we rangi. Nikarudi nikamchukua mwanangu, tukalala kutwa. Mvua inapiga, sisi tumelala. Sijalala mchana tangu nianze kazi hapa. Miaka kumi na mmoja!"

"Ulilala?"

"Nililala kama mtu mwenye pesa." Kisha akashusha sauti. "Watatulipa lakini, si ndiyo? Kodi ya chumba nimeshamwahidi mwenye nyumba."

Nilisema nitaangalia. Ndilo jibu la makarani wote duniani. Alipoondoka niliinua mkono, na kumbe wino ulikuwa haujakauka. Neno lilikuwa limejichapa kiganjani mwangu, kinyumenyume. Hakufika. Lakini alifika, Shangazi. Alifika akiwa na viatu mkononi, akarudishwa na mkono huu huu.

Usije ukamwambia mtu kwamba nilipata ujasiri. Niliogopa kuliko siku ya upepo. Nilifikiria kodi yetu, dawa za magoti, sura ya Mama nikimwambia nimeachishwa kazi ya kalamu. Ila nilipojaribu kuendelea na jina la pili niliogopa kitu kingine, kwamba nitafika kwenye neno la mia na hamsini nikiwa nimeshazoea.

Nilichukua rula, nikayakata yale manne kwa mstari mmoja ulionyooka, nikatia sahihi pembeni kama inavyotakiwa. Chini yake nikaandika: Jumatatu hadi Alhamisi kiwanda kilikuwa kimefungwa. Ubao uligeuzwa na upepo saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Mtunza ubao, yaani mimi, aliufunga kwa kamba ukiwa mwekundu, bila amri, baada ya kuona maji yamefika darajani na watu wako juu ya mteremko.

Jumatatu nilimpelekea meneja. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Na kwa nini uliufunga ubao?"

"Niliogopa."

Akafuta miwani. "Na sasa huogopi?"

"Naogopa, bosi."

Alitia mkono mfukoni akalitoa fundo. Alikuwa bado anatembea nalo. Akalibana kwa pini pembeni ya maandishi yangu, kama kielelezo, akalisukumasukuma kwa kidole. "Nimejaribu kulifungua nyumbani siku tatu," akasema. "Mke wangu naye amejaribu." Daftari likapelekwa kwa mwenye kiwanda, na fundo lako ndani yake.

Tulisubiri wiki tatu. Zilikuwa wiki za ajabu. Tulitandaza madaftari yaliyopona kwenye kamba, ukumbi mzima, kama nguo za kufua, na mchana upepo mdogo ukipita kurasa zote zilikuwa zinalia pamoja, kra, kra, kra, kama watu wengi wanaotembea juu ya majani makavu bila kufika popote. Nilifanya kazi katikati ya sauti hiyo nikiwa sijui kama mimi ni mfanyakazi au mgeni. Kila bahasha iliyoingia getini nilidhani ni yangu.

Ikaja. Jibu la swali lako la tatu ni ndiyo. Wote thelathini na wanane wamelipwa siku zote nne. Mwenye kiwanda aliandika kwa hasira, kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili, lakini ukurasa wa kumi na saba una sahihi yake mwenyewe, na unasema mtunza ubao akiugeuza, kumefungwa. Hausemi lolote kuhusu mtunza ubao mwoga.

Mimi sikufukuzwa. Nimepewa onyo la maandishi, majaribio yangu yameongezwa miezi sita, na sitagusa ubao tena. Barua ya onyo niliichapa mwenyewe, maana karani ni mimi. Nilisahihisha makosa mawili ya tahajia, nikampelekea meneja asaini, nikajikabidhi, nikasaini kwamba nimeipokea, nikajiwekea nakala kwenye faili. Aliponirudishia kalamu meneja alisema barua imeandikwa vizuri sana.

Siku ya mshahara habari zilikuwa zimeshatembea, Redio hakosi kazi. Mama Gundi alinishika mashavu yote mawili mbele ya foleni. "Kumbe upepo wenyewe ni wewe! Mwembamba hivi!" Tangu hapo pale kazini sina jina lingine. Upepo, nipitishie stepla. Upepo, funguo ziko wapi. Nimejaribu kukasirika nimeshindwa.

Ubao sasa anautunza Redio. Wiki hii mawingu yamerudi mara mbili. Asubuhi zote mbili alisimama chini ya mlingoti akapaza sauti, "Upepo! Leo rangi gani?" Nimekatazwa kugusa, sijakatazwa kutazama. Nilikwenda nikayaangalia maji ya mfereji, nikamwambia bluu, na kule juu watu wakaanza kushuka.

Nisalimie mume wako, na mwambie kofia aliyoniletea mwaka ule ndiyo niliyovaa siku ya mafuriko na haijapoteza umbo. Wasalimie binamu zangu wote wawili, hasa huyo mkubwa ambaye hajibu barua. Msalimie na jirani yako mwenye paka. Baba anakusalimu, Mama anakusalimu mara mbili kwa sababu anasema salamu ya Baba haihesabiki. Wapangaji wa chini nao wanakusalimu, ingawa hawakujui. Siku zile tatu walisikia sana habari zako.

Mungu akulainishie hiyo nyonga, akupe usingizi wa mchana wa mvua, na akujaalie kila unapoingia kazini uweze kutoka.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukuogopa kidogo,

Kinyonga
(kazini, Upepo)

N.B. Pamoja na barua utapata kifurushi. Ndani kuna daftari moja lililokaa majini siku nne. Mistari yote imefutika, unaweza kuandika popote. Katikati ya kurasa utakuta kipande cha kamba chenye fundo. Meneja alinirudishia pamoja na nakala ya onyo. Watu watano wamejaribu kulifungua, akiwemo Baba, ambaye alitumia meno. Mimi sijaligusa. Nalirudisha kwa mwenyewe.